Hajati Kulthum na Herufi Aliyokataa Kuifuta

Jumatano hii, saa kumi na moja jioni, Hajati Kulthum Mahmoud atafunga dirisha la pili la tawi letu la Kawempe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia Idara ya Orodha ya Wakazi. Anastaafu kabla ya wakati. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu, hakuna aliyemfukuza, wala si mgonjwa. Ameomba mwenyewe, kwa sababu Alhamisi kuna jambo analotaka kulisema mahakamani, na mtumishi wa Idara haruhusiwi kulisema bila kibali. Nitafika huko. Kwanza nianze na chai na vicheko, kama inavyotakiwa.

Niseme pia kwa nini makala hii iko kwenye ukurasa wa Kiswahili. Wenzangu mnajua kwamba jarida letu lilipewa ukurasa huu kwa amri kutoka juu, lugha ilipopandishwa cheo kuwa rasmi, na tangu siku hiyo umekuwa ukijazwa salamu za sikukuu na maneno ya kujifunza: meza, kiti, mwiko. Kwenye kurasa za Kiingereza mtamkuta Hajati amepewa mistari minne na picha ambayo hakuipenda. Mimi mhariri alinipa ukurasa huu mzima, akaniambia kwamba huko ghorofani kwa wakubwa hakuna anayeusoma. Basi jamani, karibuni.

Hajati ni mtoto wa Kibuli, wa ukoo wa wafanyabiashara na walimu wa chuo cha Kurani ambao wazee wao walikuja kutoka pwani zamani za misafara, wakauza vitambaa, wakaoa, wakabaki. Nyumbani kwao Kiswahili kiliongewa mezani na Kiganda kiliongewa getini. Aliingia Idara akiwa msichana mwembamba wa kupiga chapa, enzi za mashine zile nzito ambazo herufi zake zilikwama mvua ikinyesha. Kompyuta zilipokuja, wenzake wawili walilia na mmoja akaacha kazi. Yeye alifunika mashine yake ya chapa kwa khanga, akaisomea Fatiha, akahamia kwenye kiti kipya. Hivyo ndivyo anavyosimulia mwenyewe, na huwa anaongeza chumvi.

Mimi nilimkuta hapa nikiwa nimetoka kambini. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili nilichokulia nacho kilikuwa cha simama, leta, toka hapa. Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la tatu Hajati alinisikiliza nikimhudumia mzee mmoja, akaninong'oneza kwamba ninasalimia watu kana kwamba ninawatia mbaroni. Tangu siku hiyo, kila saa nne ya chai, alinifunza Kiswahili cha kumuuliza mtu ameamkaje na kungoja ajibu. Kama makala hii inasomeka, ni kazi yake. Kama haisomeki, ni kambi.

Sasa tuje kwenye lile lililompa jina. Mjini hapa l na r hubadilishana viti zitakavyo. Makarani wetu wengi wamekulia kwenye Kiganda, na ulimi wa Kiganda hauoni sababu ya kuzigombanisha herufi hizi. Wapo wanaoandika l kila mahali. Wapo wengine, waliochekwa shuleni kwa sababu ya l zao, ambao wakishavaa tai hutia r hata pasipohitajika ili waonekane wamesoma. Kwa hiyo Wamalwa anaingia kwenye foleni yetu akiwa Wamalwa na kutoka akiwa Wamarwa. Mlinzi wetu Oloo alibeba kitambulisho cha kazi cha Bwana Oroo kwa miaka, akisema mradi mshahara unafika, hana neno.

Hajati alikuwa na neno. Herufi iliyokaa vibaya ilimwasha kama upele. Angeweza kusimama katikati ya chai, na mandazi mdomoni, kwa sababu alisikia karani wa dirisha la nne akiita jina visivyo. Alisahihisha kadi za watu, vibao vya milango, na siku moja hata shada la maua la msiba. Tulimtania, tukamwita Mama Elu-na-Aru, na alijivunia jina hilo kuliko cheo chochote.

Lakini alikosea pia, tena mbele ya watu. Alikuja mama mmoja aitwaye Laakeeri, ndilo Raheli kwa ulimi wa Kiganda. Hajati, bila kuinua kichwa, akamwandika Raheli, akamkabidhi kadi, akamtakia siku njema. Kesho yake mama alirudi na mchungaji wake. Alisema bibi yake alibatizwa Laakeeri, yeye alibatizwa Laakeeri, na siku ya mwisho Mungu atamwita Laakeeri, sasa huyu Raheli aliyeingizwa kwenye mkoba wake ni nani? Foleni nzima ilimuunga mkono, wengine bila kujua ugomvi ni wa nini. Hajati alisimama, akaomba radhi kwa sauti, akalirudisha jina la mama yule kama lilivyokuwa. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti, akatuwekea na sisi: hata jina liwe limepinda namna gani, muulize mwenyewe kabla hujalinyosha. Ukimsikia sasa akisema "muulize mwenyewe", ujue kuna karani amepatikana.

Wengi wenu mlimjua Santina kwa simsim. Ndiye yule mwanamke mrefu wa Kiacholi aliyekuwa akituletea simsim ya kusaga kwenye kopo la maziwa, tukaigombania kwa mihogo. Wachache wanajua alivyoanza kuja. Miaka minne iliyopita alifika dirisha la pili kubadilisha makazi. Alikuwa akikaa hapa Kawempe kwa dada yake Adoch, sasa amepata kazi ya kuchambua kahawa kiwandani na chumba huko Namuwongo, na kiwanda kilitaka kadi yenye anwani ya kweli. Kadi ilimwita Santina Abaro. Hajati akachangamka, kama kawaida yake, akamwambia wewe ni Abalo, tukunyoshee jina lako?

Santina aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo, akamwomba aliache. Nilisikia kwa sababu niko dirisha la jirani na sikio langu halina adabu. Alisema ametoroka kwa mumewe huko Gulu, kaskazini. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri, na alituonyesha kwa nini. Mume yule aliapa kwamba popote atakapojiandikisha atampata, kwa sababu serikali ina jina la kila mtu. Lakini mume alikuwa akimtafuta Abalo, na karani mmoja wa kwetu, kwa kupenda r zake, alikuwa amemfanya Abaro. "Serikali ikikosea, mimi nalala," alisema Santina. Hajati akaweka kalamu chini.

Kwa mtu aliyenyimwa usingizi na r isiyo na kazi, halikuwa jambo dogo. Lakini aliliacha, na kila msimamizi aliyemuuliza kuhusu kosa lile alimjibu kwamba mwenyewe ameulizwa. Santina akawa rafiki yake. Alipoingia ukumbini na kopo lake, Hajati alimwita kutoka mbali, "Abarrro!", ulimi ukipiga ngoma, na Santina alicheka mpaka ashike kaunta. Watu wa kwenye foleni walidhani ni salamu ya kwao.

Habari za sikio la Hajati zilifika makao makuu. Mwaka jana walimwita huko kwa wiki nzima awafundishe mafundi wa kompyuta majina yapi ya nchi hii yana l na yapi yana r. Alirudi na saa ya ukutani yenye nembo ya Idara, na sisi tukamnunulia keki. Alituambia kwamba amewafundisha mambo mawili. La kwanza ni majina. La pili ni kumuuliza mwenyewe. Walilichukua la kwanza.

Mwisho wa juma mmoja, mtambo ulisafisha majina ya nchi nzima bila kumuuliza mtu. Jumatatu tulikuta Wamalwa wote ni Wamalwa, Oloo ni Oloo, na Laakeeri, maskini, amekuwa Raheli tena. Makao makuu walitutumia pongezi. Hajati aliifungua kadi ya Santina kwenye kompyuta, akaitazama, akainuka kwenda kupiga simu uani. Aliambiwa aandike maombi. Aliandika. Yuko anangoja majibu mpaka leo.

Hata hivyo tulijipa moyo kwamba jina liko kwetu ndani, nani ataliona? Ndipo ikaja huduma ya ujumbe mfupi. Mnaikumbuka, tuligawiwa na fulana. Unatuma jina kwa simu, unajibiwa kama kadi iko tayari: jina kamili, parokia, yaani kata, na zoni, ule mtaa wenyewe anaokaa mtu. Ilikusudiwa kumpunguzia mwananchi foleni. Ila haikuuliza anayetuma ni nani. Mtu yeyote mwenye simu aliweza kumuulizia mtu yeyote, na serikali ikamjibu kwa adabu zote.

Huko sokoni Kikuubo watu waligeuza huduma ile kuwa mchezo. Binti wa Hajati, Rumaisa, ana duka la masufuria huko, na aliona wenye nyumba wakiwasaka wapangaji, na vijana wakihakikisha kama mchumba kweli anakaa Ntinda alivyosema. Siku moja akaandika jina la mama yake kwa mzaha, ikaja zoni yao ya Kibuli, akamtumia mama huku akicheka. Hajati hakucheka. Pale pale dirishani akaandika Santina Abalo. Jibu lilifika kabla hajaweka kikombe chini, kwa l iliyosimama vizuri, na zoni ya Namuwongo juu yake.

Nilimwona akiinuka na kuacha foleni imesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipanda boda-boda, yeye ambaye maisha yake yote ameiita jeneza la magurudumu mawili, akaenda hadi kiwandani, akamtoa Santina kwenye mikeka ya kahawa na kumpeleka kwa Adoch siku ile ile. Kutoka hapo akaenda makao makuu na vumbi lake. Alipokelewa na mkubwa mmoja, simtaji, akapewa soda, akaambiwa kwamba taarifa za wananchi ziko salama na kwamba jambo lake limechukuliwa kwa uzito.

Baadaye mkubwa yule alimpigia simu. Nilikuwepo, alikuwa ameweka sauti juu kwa sababu mikono ilikuwa na wino. Alisema huduma imefungwa, wamekagua, na hakuna mtu aliyewahi kuliulizia jina lile. Hajati alishukuru mpaka akaomba dua. Akampigia Santina, akamwambia amesikia kwa masikio yake, sasa unaweza kurudi kwako. Santina alikuwa akilala sebuleni kwa Adoch na watoto wanne, na kiwanda kiko upande wa pili wa jiji. Alifurahi, bambi, maskini wa watu. Alisema Ijumaa ataleta simsim.

Huduma ilikuwa haijafungwa. Na jina lilikuwa limekwisha kuulizwa, tena kutoka Gulu, kabla hata Rumaisa hajaanza mzaha wake.

Mume yule alimkuta Jumapili, Santina akirudi kutoka kanisani, na akamuua mlangoni kwake kwa panga, mchana kweupe, majirani wakiona. Walimkamata wao wenyewe. Polisi walipomuuliza alimpataje mwanamke aliyemkosa kwa miaka, hakuficha. "Niliuliza serikali," alisema, "serikali ikanijibu."

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara mkono unataka kuifuta. Inaniuma, na sitaona haya kusema kwamba inaniuma. Tunakaa hapa kila siku tunawaambia watu lete jina la mama yako, lete kijiji cha baba yako, lete alama za vidole vyote kumi, na wanatupa, kwa sababu wanadhani tukishaandika tunafunga mlango. Santina alitupa anwani yake ya kweli kwa sababu tulimtaka aitoe. Tukaitoa.

Msibani Hajati alifika na sufuria la wali. Adoch hakumtukana, wala hakulia mbele yake. Alimuuliza swali moja tu, ni nani aliyemwambia dada yangu arudi nyumbani. Hajati alisema ni mimi. Kisha akamweleza kwamba naye aliambiwa na mkubwa wa makao makuu kuwa huduma imefungwa. Adoch akamsogezea mkeka, wakakaa pamoja mpaka jua likazama.

Adoch ameishtaki Idara. Idara imejibu kwamba jina lilisahihishwa kwa maombi ya marehemu mwenyewe, kwamba haikupata onyo lolote, na kwamba huduma ilifungwa kwa wakati. Hakuna hata moja lililo kweli, na mtu aliyekuwepo kwenye yote matatu ni Hajati wetu. Aliomba kibali cha kwenda kusema. Aliambiwa suala linashughulikiwa. Aliomba tena, kimya. Mara ya tatu akaja mtu na soda, akamwuliza kwa upole kama hakumbuki vizuri, kama labda alimsikia marehemu akiomba jina linyoshwe. Hajati alimjibu kwamba amelipwa miaka thelathini na mmoja kwa ajili ya masikio haya, na hana mpango wa kuwa kiziwi wiki hii. Soda aliirudisha haijafunguliwa. Kesho yake akaandika barua ya kustaafu.

Alichagua Jumatano kwa sababu kesi inasikilizwa Alhamisi. Wapo wanaosema kiapo cha Idara kinamfunga hata aliyestaafu, na kwamba anajitafutia makubwa uzeeni. Nilimwuliza kama haogopi. Alisema anaogopa sana, usiku halali, lakini wakitaka kumkamata watamkuta pale pale mahakamani, wamkamate akiwa amekwisha kusema. Kisha akaniuliza kama nimekula, maana nimekonda.

Karamu ya kumuaga ni Jumatano hiyo hiyo baada ya kazi, ukumbini. Kutakuwa na kaimati za Rumaisa na kahawa tungu. Wakubwa wametuma udhuru, na kwa kweli hatukuweka viti vingi. Hajati amesema hataki zawadi. Saa ya makao makuu ameishusha ukutani na kuirudisha kwa Oloo getini, aipeleke ilikotoka. Alichoomba ni kwamba sisi tunaobaki tuendelee kuwauliza wenyewe. Tumekubali. Huduma ya ujumbe imefungwa sasa, mara hii nimeijaribu mwenyewe kwa jina langu, lakini sitawaambia watu wa foleni kwamba wako salama, kwa sababu sijui.

Hajati, tunakushukuru kwa miaka yote, kwa majina uliyotunyoshea na kwa ukali wako wa saa nne. Kwenye kiti chako nitakaa mimi mpaka walete mwingine, na nitakikalia vibaya. Alhamisi hatutakuwa nawe. Tutakuwa madirishani, tuna watoto wa kulisha na tunaogopa, na nakuomba usituhukumu kwa hilo. Adoch atakuwa mstari wa mbele. Kaa karibu naye.

Uzee wako uwe na afya, wajukuu wasikuchoshe, na Kibuli ikutunze. Ukifika kizimbani, hakimu atataka jina kamili la marehemu. Litaje lilivyo, Santina Abalo, kwa l yake, polepole, karani wa mahakama aliandike vizuri. Hakuna tena mtu wa kumficha.

Nafuna, dirisha la tatu